Daftari la Bi Time

Chumba chenyewe kidogo, nyuma ya zahanati ya zamani, Limbani, Wete:
ukuta wa saruji unene wa dhiraa, mlango wa chuma,
na alama ya mapanga matatu meusi juu ya manjano
ambayo watoto wa jirani huiita feni.

Nimevuka kutoka Unguja na fomu.
Kurasa kumi na nne, swali moja:
nani anafaa kuachiwa hiki?

Ndani mna vitu visivyo na harufu:
kipimo cha unyevu walichotelekeza wajenzi wa barabara,
vigunduzi vya moshi sitini na vitatu vya hoteli iliyofilisika,
sindano za tiba ambazo aliyezileta keshakufa,
glavu, vitambaa, chupa.
Vimelala mapipani vinapoa,
polepole kuliko deni la harusi.

Mwombaji ni kampuni.
Bwana Shawali Mbwana kavaa suti, saa saba mchana.
Ana vyeti, ana bima,
ana mpango wa dharura wenye picha za rangi.
Nikamwambia, tufungulie.
Akajaribu ufunguo wa kwanza, akajaribu wa pili,
akampigia mtu simu.

Aliyefungua hakuomba chochote.
Bi Time Faki, mfagiaji, mwaka wa ishirini na mbili huu,
alikuwa ngazini anachambua karafuu,
kipima mionzi kakibana kwa pini kifuani, chini ya kanga.
Akajifuta mikono. Akafungua.
Kisha akanipa daftari la shule,
Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu, kulia kwenda kushoto:

*Jumatatu. Mlango mzima. Mashine yasema kidogo.*
*Jumanne. Mvua. Pembe ya kusini yavuja. N'mekinga ndoo,*
*maji n'meyapima kabla ya kuyamwaga.*
*Jumatano. Wamekuja wa vyuma chakavu, wataka pipa.*
*N'kawambia mna shetani, wakacheka.*
*N'kawasikilizisha mashine. Hawakucheka.*
*Ijumaa. N'mekwenda kuzika. Mwanangu kakaa mlangoni.*
*Ufunguo sikumpa.*

Mali bila daftari hupotea bila habari,
tuliambiwa. Lakini hii si mali.
Hii ndiyo ile ambayo kila mmoja wetu
angependa ipotee bila habari.

Sheria yataka shahada. Yataka mtaji, mkaguzi wa hesabu, anwani ya posta.
Haina safu ya mtu aliyepima maji ya ndoo.
Naijua vizuri: kifungu cha tisa nilikiandika mimi,
usiku, ofisini, chini ya feni ya kweli.
Wala sikukosea. Nilikuwa nimesoma habari za mji wa mbali
ambako kasha kama haya liliachwa bila mwenyewe,
likapasuliwa, na watoto wakajipaka kilichong'aa.
Niliandika *shahada* nikiwafikiria watoto wale.

Bi Time akauliza, "Kitakaa humu muda gani?"
Miaka thelathini, nikasema, kipungue nusu.
Thelathini mingine, nusu ya nusu.
"Na hiyo leseni yenu?"
Mitano.
Akanyofoa kikonyo, akakitupa.
"Basi nyie hamtafuti mtu," akasema. "Mwatafuta ukoo."

Bwana Shawali alikuwa bado kwenye simu.
Kampuni nimeikataa. Safu ya sababu haikunitosha,
nikageuza karatasi.
Yeye nisingeweza kumpa, na nisingeweza kumnyima.
Kituo kisicho na leseni hutiwa lakiri, ndivyo isemavyo,
nikatia lakiri, ikaniunguza kidole.
Ufunguo nikautumbukiza mkobani.

Nikafika hadi getini.
Nani atatazama kesho kama lakiri ni nzima?
Hilo sikuliuliza kwa sauti.
Nilipogeuka alikuwa kesharudi ngazini,
daftari gotini, kalamu ikitembea kushoto:

*Alhamisi. Kaja mwenye sheria, kaondoka na ufunguo.*
*Kidole chake n'mekitia asali.*
*Mlango mzima.*